Bi Kanga na Wali wa Kupalia

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na chungu!

— Kimeiva?

Bado!

— Tukifunue?

Thubutu! Atakayekifunua atanijua leo.

Haya, sogeeni. Kila mtu na hindi lake. Mikono ipukuchue, masikio yanisikilize mimi. Wewe Riziki nimekuona, unatafuna badala ya kupukuchua. Mahindi makavu hayo, yatakuvunja meno.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakiuza na kununua kama sisi, palikuwa na gulio kando ya kivuko cha mto. Kila baada ya siku saba wanyama walikusanyika pale. Huyu kaja na mihogo, yule kaja na asali, yule kaja na mikeka. Na katikati ya gulio palikuwa na mafiga matatu. Mafiga hayo yalikuwa ya Bi Kanga.

Sasa, Bi Kanga wa wakati huo hakuwa kama huyu mnayemjua. Alikuwa mweusi tii. Mweusi mtupu, bila doa hata moja. Lishikeni hilo neno, tutalirudia.

Mafiga aliachiwa na mama yake. Bi Kanga alikuwa na watoto sita, hakuwa na shamba, hakuwa na mume. Alichokuwa nacho ni mafiga yale na wali wake. Lakini wali wenyewe, jamani! Wali wa nazi, wa kupalia, punje moja haigusi nyingine.

Mnajua kupalia? Riziki hajui, yeye anajua kula. Wali ukishakauka maji, unapunguza moto chini, unakifunika chungu, halafu unapanga makaa juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Basi. Hapo mpishi hana kazi nyingine ila kukaa na kuacha mvuke ufanye kazi yake. Ukifunua, mvuke unatoka. Ukifunua tena, unatoka tena. Mwishowe unapakua mchele uliolowa maji ya moto.

Na hapo ndipo palipokuwa na taabu ya Bi Kanga. Hakuweza kusikia jina lake akanyamaza. Mama yake alimlea hivyo: ukiitwa, itika abee, ukishaitika, nenda. Adabu nzuri hiyo, na mimi nawataka nyote muwe nayo. Ila Bi Kanga aliichukua adabu yake yote akaimimina chunguni.

Ikafika siku ya gulio. Bi Kanga akainjika wali, ukakauka, akapalia. Akakaa.

Mara Ngiri huyo, mkia juu. "Bi Kanga!"

"Abee!"

"Wali umeiva?"

"Ngoja nikutazamie." Akafunua. Mvuke puu! Majivu ya makaa yakaruka, yakamwangukia mgongoni. "Bado kidogo, Ngiri." Akafunika.

Mara Swala. "Bi Kanga!"

"Abee!"

"Nishikie kikapu changu, narudi sasa hivi. Na wali je?"

"Ngoja nikutazamie." Akafunua. Mvuke puu! Majivu yakamwangukia bawani. Akafunika.

Sasa, juu ya mti ulio karibu na mafiga, alikuwako Tumbili. Tumbili naye alikuwa mfanyabiashara. Alichoma ndizi, akaziuza kule nyuma kabisa, kwenye miiba, ambako hapiti mtu ila aliyepotea njia. Siku zote aliyatazama mafiga ya Bi Kanga kwa jicho la husuda. Siku hiyo akaona jambo. Akaona kwamba Bi Kanga akiitwa, chungu kinafunuliwa. Akajichekea. Akaimba:

"Kanga ee Kanga, umelala jikoni?
Funua chungu, tuone cha ndani!"

"Abee! Nafunua!" Mvuke puu! Majivu mgongoni.

Tumbili akangoja afunike. Akaimba tena.

"Abee! Nafunua!" Puu!

Akaimba mara ya tatu. Ninyi mnadhani Bi Kanga alifanya nini?

— Alifunua!

Alifunua. Jua likafika utosini, wanyama wakapanga foleni na sahani zao. Akapakua. Ngiri akatafuna, kra kra kra. Akatema. Swala akatafuna, kra kra kra. Akatema. Wote wakaenda zao na njaa, wengine wakatukana.

Mkuu wa gulio alikuwa Nyati. Hakuwa mbaya, ila maneno yake yalikuwa machache. Akaja, akasimama mbele ya mafiga.

"Bi Kanga," akasema, "watu wanatoka mbali kuja hapa. Wakiondoka na njaa, hawarudi."

"Nisamehe, Mkuu. Leo nimeitwa sana."

Tumbili akashuka mtini mbio mbio. "Mkuu, shikamoo. Kama mafiga yamemshinda mwenzetu, mimi nipo. Ndizi zangu haziwi mbichi."

Nyati akawatazama wote wawili. "Nampa Bi Kanga magulio mawili. Jua la utosini likikuta chakula kimeiva, mafiga ni yake. La sivyo, gulio la pili likipita, mafiga ni yako wewe Tumbili, na yeye atafute pengine."

Bi Kanga moyo ukampasuka. Atafute wapi? Watoto sita, yeye na mabawa yake. Alirudi nyumbani akawapanga watoto kifuani, na usingizi haukuja.

Nawaulizeni: mtu biashara ikimwendea vibaya, kitu cha kwanza anachofikiri ni nini?

— Aache!

Hapana, si Bi Kanga. Yeye alifikiri kama wengi wenu mtakavyofikiri mkianza biashara zenu. Alisema, "Sijajituma vya kutosha. Nitaongeza bidii."

Gulio lililofuata aliamka jogoo wa kwanza. Akainjika si chungu kimoja, vyungu vitatu: wali kwenye mafiga, maharage na uji pembeni, juu ya mawe ya kuokota. Kila aliyemwomba kitu alimwambia ndiyo. Ngiri akataka uji mzito, ndiyo. Swala akataka uji mwepesi, ndiyo. Nyumbu akaomba aangaliziwe mtoto, ndiyo. Alikimbia huku, akakimbia kule, akawa kama yeye mwenyewe ndiye anayechemka.

Na Tumbili juu ya mti:

"Kanga ee Kanga, umelala jikoni?
Funua chungu, tuone cha ndani!"

"Abee! Nafunua!" Akafunua wali, puu! Anarudi kwenye maharage, yameshika chini. Anakoroga maharage, uji unafurika. Anaukimbilia uji, anaitwa. "Abee!" Puu! Majivu mgongoni, majivu shingoni, majivu mabawani.

Jua likafika utosini. Wali mbichi. Maharage yameungua. Uji umemwagika wote, na mtoto wa Nyumbu ameukanyaga.

Hakuwahi kufanya kazi kama siku ile. Na hakuwahi kupika vibaya kama siku ile. Nyati alipita, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Tumbili alikuwa ameshaanza kuyapima mafiga kwa mkia wake.

Bi Kanga akakaa chini akalia. Alilia kwa uchungu hasa, maana hakuona tena cha kuongeza. Bidii alikuwa ameimaliza yote.

Kesho yake akaenda kwa shoga yake, Bi Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, amweleze. Bi Hondohondo alikaa kwenye shimo la mti mkubwa kando ya mto. Bi Kanga akafika, akashangaa. Mlango wa shimo umezibwa kwa udongo! Umebaki ufa mwembamba tu, wa kupita mdomo.

"Hodi, shoga!"

Kimya.

"Hodi! Mimi Kanga!"

Kimya.

"Bi Hondohondo! Hodi mara ya tatu!"

Kimya kabisa. Bi Kanga akaumia. Akasema, "Hata shoga yangu amenitupa." Akageuka aondoke.

Mara akaja mume wa Bi Hondohondo na tunda mdomoni. Akalipitisha kwenye ufa, akaruka kwenda kutafuta jingine. Ndani kukasikika vifaranga wakila. Walipokwisha kula, ndipo sauti ikatoka ufani.

"Karibu, shoga yangu. Habari za siku nyingi?"

"Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia tangu hodi ya kwanza."

"Na ukanyamaza!"

"Watoto hawa hawana manyoya, Kanga. Nilikuwa nimewafunika. Ningeinuka kukuitikia, baridi ingewapiga. Hodi yako ingeweza kungoja. Wao wasingeweza."

Bi Kanga akakaa juu ya mzizi. "Lakini shoga, watu hawakuoni huna adabu?"

Bi Hondohondo akacheka. "Kabla sijaziba mlango nilizunguka kote kuaga. Nilimwambia kila mtu: nalea, siitiki, nikimaliza nitatoka. Mwenye jambo la kweli aje kwenye ufa, aseme polepole. Nani amenikasirikia? Hata wewe nilikuja mafigani nikakuaga."

"Mimi? Lini?"

"Mwezi uliopita. Uliniambia abee, abee, huku unafunua chungu. Hukusikia hata neno moja."

Bi Kanga akafunika uso kwa bawa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Nyati atoe amri yake. Alirudi nyumbani anatembea mwepesi.

Siku sita alizobaki nazo hakuzitumia kupika. Alikata matete akajenga ua kuzunguka mafiga yake, akaacha mlango, na pembeni akaacha ufa wa kupita mdomo. Akasimika mti mrefu. Akasuka kawa kubwa, lile la kufunikia chakula, akaliweka tayari.

Halafu akazunguka kwa majirani, mmoja mmoja, kwa adabu zake zote. Akawaambia, "Gulio hili mkiona kawa limetundikwa juu ya mti, mjue nimepalia wali. Wakati huo mniite msiniite, siitiki. Si kiburi. Mwenye jambo la kweli aje ufani aniambie. Kawa likishuka, njooni na sahani."

Ngiri akanuna. "Na njaa yangu je?"

"Njaa yako itakutana na wali ulioiva."

"Na uji?"

"Uji sipiki, Ngiri. Gulio hili napika wali tu."

Lilimwia zito neno hilo, maana hakuwahi kumwambia mtu hapana tangu atoke kwenye yai. Alilisema akafumba macho. Alipofumbua, Ngiri alikuwa bado yuko pale pale, wala hakufa. "Sawa," akasema Ngiri, "wali basi."

Gulio la mwisho likafika. Bi Kanga akainjika chungu kimoja. Watoto wake sita akaingia nao ndani ya ua, kwa sababu alijijua: kitu kimoja tu duniani kingeweza kumwinua kitako, nacho ni hao. Wali ukakauka. Akapalia. Akatundika kawa juu ya mti. Akafunga mlango. Akakaa.

Tumbili akaona kawa, akacheka. Akaimba:

"Kanga ee Kanga, umelala jikoni?
Funua chungu, tuone cha ndani!"

Bi Kanga akafungua mdomo. Abee ikafika kooni. Akaimeza. Ikapanda tena, akaimeza tena. Mnaona ni jambo dogo? Jaribuni ninyi mkiitwa na kila mtu. Jasho lilimtoka.

Tumbili akangoja. Hakuona mvuke. Akageuza sauti akaifanya nzito. "Bi Kanga! Wateja wako wanakimbia! Wote wanakwenda kula ndizi kwa Tumbili!"

Bi Kanga akainuka nusu. Akatazama ufa. Hapana mtu ufani. Wanaokimbia ni wateja gani, ambao hakuna hata mmoja aliyekuja kusema? Akakaa.

Tumbili akaona jua linapanda. Jasho sasa likamtoka yeye. Akapanda tawi la juu kabisa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. "Mwewe! Mwewe! Mwewe amewachukua watoto wa Kanga!"

Lo! Bi Kanga aliruka. Bawa lake likatua juu ya kifuniko. Moyo unamdunda, macho hayaoni. Kisha akageuka nyuma yake, akahesabu. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Na yule mdogo, yuko wapi yule mdogo? Alikuwa chini ya kawa la zamani, amelala, mdomo wazi. Sita.

Bi Kanga akashusha pumzi, akakaa chini puu, kama mzigo uliotuliwa. Akawakumbatia wote sita. Akatabasamu. Wala hakukasirika. Alijua sasa kwamba kelele za mtini zinaweza kupigwa kutwa, na chungu kisifunuke.

Tumbili hakuelewa. Akajiambia, "Kama hafunui yeye, nitafunua mimi." Akaruka kutoka mtini, akapita juu ya ua, akatua kando ya chungu. Akakivuta kifuniko kwa pupa.

Sasa wali ulikuwa umekaa na mvuke wake asubuhi yote, haujaguswa. Mvuke ukatoka PUU! Ukampiga usoni. Akapepesuka, na ili asianguke akakikumbatia chungu, mikono yote miwili, uso na shavu. Na chungu cha gulio mnajua kilivyo kwa nje, masizi matupu. Akaruka, "Uwiii!" akapuliza mikono.

Bi Kanga akachungulia ndani ya chungu. Akachukua punje moja, akaonja. Akamgeukia Tumbili.

"Ahsante kwa kunifunulia," akasema. "Sasa hivi tu ndiyo umeiva."

Ufani ikasikika sauti nzito, ya polepole, ya Nyati. "Bi Kanga, jua limefika utosini."

Bi Kanga akashusha kawa. Akafungua mlango wazi. Akaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, "Abee! Abee, Mkuu! Abee, Ngiri! Abee, Swala! Abee, nyote! Karibuni!" Abee zote alizozimeza tangu asubuhi zilitoka kwa pamoja.

Nyati akala sahani ya kwanza. Akala ya pili. Akasema, "Mafiga ni yako, Bi Kanga," akaomba ya tatu. Ngiri alikula mpaka akakaa chini. Bi Kanga aliposikia mafiga ni yake aliegemea ua, machozi yakamtiririka huku anapakua. Hata Tumbili alimpakulia. Tumbili akala kichwa chini, mikono myeusi, uso mweusi.

Na jambo moja Bi Kanga hakulitegemea. Jua lilikuwa bado juu, na kazi imekwisha. Chungu kitupu, wateja wameshiba. Siku nyingine angekuwa bado anakimbia. Siku hiyo alikaa kivulini na watoto wake, kila aliyemwita akamwitikia abee, akamsikiliza mpaka mwisho wa habari yake. Swala alimwambia, "Bi Kanga, leo ndiyo mara ya kwanza tunaongea." Na ilikuwa kweli.

Jioni alikwenda mtoni kuoga. Akajisugua mgongo, akajisugua mabawa. Majivu ya magulio yale mawili hayakutoka. Yameshika, madoa meupe mwili mzima, kila doa mara moja aliyoitwa akafunua. Akataka kuhuzunika. Yule mtoto wake mdogo akamtazama, akasema, "Mama, mbona umependeza?" Bi Kanga akajitazama majini, akaona mtoto hajasema uongo. Akayaacha.

Ndiyo maana mpaka leo kanga ana madoa. Na tumbili mpaka leo ana uso mweusi na mikono myeusi, maana masizi yale nayo hayakutoka.

Sasa ninyi mnaotaka kwenda kufungua biashara mahindi haya yakiuzwa, mafunzo ndiyo hayo. Kazi kuwa nyingi si kazi kwenda. Shika moja, ifunike, ikae na moto wake mpaka iive. Waambie watu mapema, kwa adabu, lini unaitika na lini huitiki. Acha ufa kwa mwenye jambo la kweli. Kisha ikiiva, fungua mlango na uitike kwa moyo wote.

Riziki! Riziki! Nakuita, mbona huitiki?

— Napukuchua, Bibi. Nikimaliza hili nakuja.

Hah! Tazameni! Haya, maliza mwanangu, nakungoja.

Hadithi yangu naifunika hapa. Makaa nimeyaweka juu. Atakayeifunua kabla haijamwivia, majivu ni yake.